Seva ni Kama Ziwa: Kanuni Iwe Moja, Wote Washauriwe



Kila mkazi wa Nchelenge na Kashikishi anajua kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru. Hakuna anayefurahia miezi hiyo. Lakini wazee wametusimulia habari ya mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Watu walimtega njiani, mayai yakiwa bado tumboni, na ilipofika mwaka 1950 hivi uvuvi ule ulikuwa umekwisha. Hakuna mvuvi mmoja aliyemmaliza mpumbu. Walimmaliza wote, kila mtu kwa sehemu yake ndogo.

Tumeanza na ziwa kwa sababu ya malalamiko yanayotufikia kutoka kwa makarani, wauguzi na walimu wanaotumia kompyuta kazini. Asubuhi mtu akifungua kompyuta, hungoja. Akiandika neno, herufi huchelewa kutokea. Mwisho wa mwezi mkubwa wake humwita na kumwambia kuwa ni mvivu. Sisi twasema: kabla ya kumlaumu mfanyakazi, kitazamwe kwanza chombo anachofanyia kazi.

Katika ofisi nyingi kompyuta za mezani hutegemea kompyuta kuu moja, iitwayo seva. Mahali pengine seva hutunza mafaili tu. Mahali pengine mashine ya mezani haina hata diski. Kazi yote hufanyika ndani ya seva, na mezani huonekana picha yake tu. Mradi wa LTSP, ulioanza Marekani mwaka 1999, uliwezesha mashine kuukuu kufanya kazi kwa njia hiyo, na shule nyingi zenye fedha kidogo zimefaidika nao. Ni njia nzuri, lakini anachofanya mmoja kwenye skrini yake huwalemea wote.

Tupige hesabu. Tuseme makarani 20 hubadilishana meza, na kila mmoja ameweka picha na video za megabaiti 500 kwenye uso wa kompyuta yake. Seva nayo imepangwa kumpelekea kila mtu vitu vyake popote anapokaa. Saa mbili asubuhi wote wanaingia kazini. Hapo megabaiti 10,000 zinapita katika waya mmoja. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde utahitaji zaidi ya dakika 13, hata kama hakuna kikwazo chochote. Wote 20 wanangoja, hata yule ambaye hakuweka picha moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hujaza seva vilevile.

Dawa yake ni kuweka mipangilio ya watumiaji mahali pamoja, badala ya kumwachia kila mtu kwenye meza yake. Uwezo huo si mpya. Windows ya mwaka 2000 ilikuja nao, na Linux inao pia: msimamizi huandika kanuni mara moja, na kila anayeingia huzikuta. Mambo ya kupanga ni haya:

Kwanza, skrini iwe na rangi moja tu, bila picha kubwa na bila michoro inayochezacheza mtu asipokuwepo. Kwenye mashine zisizo na diski kila mchezo wa picha ni mzigo wa seva na wa waya.

Pili, picha na mafaili makubwa yawekwe kwenye folda inayobaki palepale kwenye seva, yasimfuate mtu kila anapoingia.

Tatu, kila mtumiaji awekewe kiasi cha kumbukumbu ya seva, ili mmoja aliyefungua kurasa 40 za intaneti asiwanyime wenzake.

Nne, programu mpya zipakuliwe mara moja tu, usiku, kisha zigawiwe kompyuta zote. Mashine 20 zisivute kitu kilekile mchana wakati watu wanafanya kazi.

Lakini ndugu zetu, mwenye kuweka kanuni ana nguvu, na nguvu isiyoulizwa huumiza. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2011 iliweka kamati za usimamizi ambamo wakazi wana nafasi yao. Ikiwa mvuvi anashauriwa juu ya ziwa, kwa nini karani asishauriwe juu ya kompyuta anayoikalia mchana kutwa?

Kwa hiyo matawi yadai mambo manne. Orodha ya mipangilio ibandikwe ubaoni, kila mtu aisome. Mfanyakazi mwenye macho dhaifu aachiwe uhuru wa kukuza herufi, hilo lisifungwe. Mkubwa naye afuate kanuni ileile, asijifungulie mlango wake mwenyewe. Na mipangilio isigeuzwe kuwa jicho la kuwachungulia wafanyakazi. Zambia ina Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi tangu mwaka 2021, na viongozi wa matawi waijue.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Tuhamishe picha za arusi na video za mpira, tufunge kurasa tusizozitumia, na tutoke kwenye mashine tunapomaliza zamu. Hatuwezi kudai seva iwe nyepesi huku tunaipakia mizigo ya nyumbani.

Ukiitwa ofisini kwa kosa la kuchelewesha kazi, usiende peke yako. Nenda na mwakilishi wa tawi, na ulizeni pamoja: seva ilikuwa na watu wangapi siku hiyo, ilibeba nini, na nani aliipanga? Majibu yaandikwe kabla ya adhabu yoyote kutolewa.

Umoja ni nguvu!