Wezi wanaoteka faili zako na kudai kikombozi

JE, msomaji, umewahi kujiuliza ungefanya nini iwapo ungewasha kompyuta yako asubuhi na kukuta faili zote zimefungwa? Picha za harusi, hesabu za chama na kazi ya shule ya watoto zingalimo, lakini hakuna hata moja inayofunguka. Kwenye kioo kuna maandishi: lipa katika muda wa siku tatu, la sivyo uziage.

Hiyo ni kazi ya wezi wasiovunja mlango. Programu yao hugeuza maandishi na picha zako kuwa msimbo usiosomeka, nao hubaki na ufunguo. Ukiutaka, sharti utoe kikombozi.

Ujanja huu si wa jana. Mwaka wa 1989, Joseph Popp, msomi wa Marekani, alituma kwa posta disketi zipatazo 20,000 zilizosemekana kuwa na habari kuhusu Ukimwi. Waliozitumia walijikuta baadaye wakidaiwa dola 189, za kutumwa kwa sanduku la posta nchini Panama.

Mnamo Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka.

Basi kompyuta yako inapokuomba ruhusa ya kufanya marekebisho, usiahirishe. Jihadhari pia na baruapepe zinazoleta ankara au habari za mzigo ambao hukuagiza, na programu za wizi zinazogawanywa bure.

Lakini kinga kubwa kuliko zote ni nakala. Nunua diski ya kando, unakili faili zako kila wiki, kisha uichomoe. Hapo ndipo wengi huteleza. Diski ikiachwa imechomekwa, virusi huifunga pamoja na kompyuta.

Na ikiwa tayari umeshikwa? Kwanza, kata intaneti mara moja ili virusi visienee kwa kompyuta nyingine nyumbani. Pili, usikimbilie kulipa. Mwizi hana mkataba nawe, na wapo waliolipa wasipewe ufunguo. Tatu, usifute faili zilizofungwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka wa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Ufunguo usiopatikana leo huenda ukapatikana baadaye.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Picha ya marehemu nyanya yako haiuzwi dukani. Inakili leo jioni, kabla hujalala.