Moyo uliochoka: tusiache dawa

Wamama, kuna mgonjwa anavimba miguu, anakosa pumzi akilala, kisha siku moja anaanguka ghafula na kufa. Watu wanasema amelogwa. Mara nyingi ni mapigo ya moyo yamevurugika.

Uchunguzi wa 2012 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulifuata wagonjwa 1,006 wa moyo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, nusu ni wanawake, na chanzo kikubwa ni tansio. Hata mama aliyezaa anaweza kuchoka moyo ndani ya miezi 5.

Vifo hivyo vinapunguzwa. Mwaka 1999 dawa ya bisoprololi ilipunguza vifo vya ghafula kwa asilimia 44 hivi. Lakini mgonjwa akipata nafuu, anaiacha. Hapo ndipo hatari.

Basi tufanye hivi:
- Dawa za mganga zimezwe kila siku. Likelemba isaidie zisiishe.
- Tupunguze chumvi na makayabo.
- Tusinunue diklofenaki wala ibuprofeni bila kumuuliza mganga.
- Aliyezimia, hata akiamka, apelekwe hospitali siku ileile.
- Asiyepumua, tumkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, huku tukiita msaada.