Hodi ya Wamaori: Safari ya Pwani Linakochomoza Jua



Wiki hii, ndugu zetu na mama zetu, tunawachukua mbali, hadi mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand. Eneo hilo huitwa Tairāwhiti, yaani pwani ambako jua huangaza juu ya maji. Mji wake mkuu, Gisborne, ni katika miji ya mwanzo duniani kulipokea jua la siku mpya, na kwa mwaka hupata zaidi ya saa 2,000 za jua. Kiangazi chao ni Disemba hadi Februari.

Msafiri hushika Barabara ya 35, kutoka Ōpōtiki kuizunguka rasi hadi Gisborne, mwendo wa kilomita 330 hivi. Mkono mmoja bahari, mkono wa pili milima, na katika hiyo umo Hikurangi, wenye mita 1,752, mlima wenye heshima kubwa kwa kabila la Ngāti Porou. Kule Tolaga Bay kuna gati la mita 660, lililofunguliwa mwaka 1929. Likarefushwa hivyo kwa kuwa maji ya ufukweni ni machache na meli hazikuweza kukaribia. Mwenye watoto aulize kwanza hali ya njia, kwani kimbunga cha Februari 2023 kiliharibu barabara na madaraja mengi.

Lakini utajiri wa pwani hii ni watu wake. Kila ukoo una marae, uwanja wenye nyumba ya kukutania iliyochongwa kwa ustadi. Mgeni haingii ovyo. Husimama langoni mpaka mwanamke wa pale apaze sauti ya kumwita, na mwanamke wa upande wa wageni aitikie. Kisha viatu huvuliwa mlangoni. Sisi tuliofunzwa na Suratun Nur kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, adabu hii haitupi tabu kuielewa.

Michoro ya mababu na dua zao ni za itikadi yao. Tutawaheshimu bila ya kuwaiga. Salamu yao ni kugusanisha pua na paji la uso. Kwa asiyekuwa maharimu, weka mkono kifuani na ueleze mapema kwa upole. Chakula cha karamu hupikwa shimoni juu ya mawe ya moto. Uliza nyama ni ya nini na imechinjwa vipi, kwani nguruwe hutumika. Samaki na viazi vitamu havina shaka vikipikwa mbali na nyama hiyo.

Jambo lililotugusa zaidi ni habari ya lugha yao. Sheria ya mwaka 1867 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya shule zao, na vizazi vya watoto vikachapwa kwa kusema Kimaori. Wazazi walioumia wakaacha kuwasemesha wana wao. Kufikia miaka ya 1970 lugha ilikuwa karibu kubaki kwa wazee peke yao. Ndipo mwaka 1982 wakaanzisha kōhanga reo, viota vya lugha: watoto wachanga wakae na mabibi, wasikie Kimaori tu kuanzia asubuhi. Mwaka 1987 serikali ikaitambua kuwa lugha rasmi. Mabibi walitangulia, sheria ikafuata.

Nasi tujiulize. Mjukuu wa Mvita, wa Amu au wa Kibajuni akiamkuliwa na bibi yake, hujibu kwa lugha gani? Hakuna anayemchapa leo kwa kusema lugha ya kwao, bali twaiacha wenyewe, kwa kudhani kwamba maendeleo hayakai na lahaja ya nyumbani. Kiingereza na asome, na Kiarabu cha Qur'ani asome. Lakini nyumbani, mama zetu, semeni naye kwa Kiswahili chenu, kwa maneno yale mliyopewa na mama zenu. Tofauti za lugha ni katika ishara za Mola, na amana haitupwi.

Wabillahi tawfiq.