Maji Yakitoka Jioni, Wewe Uko Wapi?

Hebu tuseme leo ni Jumamosi, na mwezi ni wa kumi na tano. Saa kumi jioni maji yamejaa mpaka karibu na minazi, bahari ya Makunduchi imetulia kama sinia. Mtoto wa ami yako ameazima boti ndogo ya mashine. Anakwita: "Njoo tukapunge upepo bwana, tunarudi sasa hivi tu!" Mko watano, jaketi la kuokolea hakuna hata moja, na wawili kati yenu hawajui kuogelea. Je, utapanda?

Usijibu haraka. Kwanza tuyaangalie maji yenyewe.

Wewe mtoto wa pwani unajua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kwamba inachukua kama saa sita kutoka kujaa mpaka kupwa. Pia unajua bamvua na maji mafu. Ukitazama kalenda ya Kiislamu utaona bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na tena karibu na tarehe 15, kwa sababu jua na mwezi huvuta bahari pamoja. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Unguja hufika kama mita 4. Huo ni urefu wa mtu mzima aliyesimama juu ya mabega ya mwenziwe, na bado kunabaki nafasi!

Lakini jambo ambalo wengi hatulifikirii ni hili: maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hutoka kidogo tu, kama sentimita 30 hivi. Saa ya pili yanazidi. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Katika saa hizo mbili peke yake hutoka karibu nusu ya maji yote. Halafu yanapunguza mwendo tena.

Sasa piga hesabu. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu saa kumi jioni. Saa ya tatu na ya nne baada ya hapo ni lini? Ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku. Yaani adhana ya Magharibi inapoadhiniwa na giza linaingia, ndipo maji yanapotoka kwa nguvu kuliko wakati wote. Saa kumi ulipopanda hukuona chochote, maji yalikuwa yamesimama. Bahari haikukudanganya; wewe hukuitazama saa.

Na maji hayo yanakwenda wapi? Ndani ya mwamba panaonekana kama bwawa, ndiyo maana tunapazoea. Lakini maji yakishuka, mwamba unawazuia kama ukuta, nayo yanatafuta mlango. Maji ya eneo kubwa yote yanapita kwenye nafasi nyembamba, kwa hiyo mkondo wa mlangoni ni mkali, na hauendi pwani. Unakwenda kilindini. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, upepo unatoka baharini na kupambana na maji yanayotoka. Hapo mlangoni mawimbi yanasimama wima na kuvunjika, hata kama ndani pametulia. Boti ndogo iliyojaa watu haina la kufanya pale.

Julai ndiyo mwezi wa Mwaka Kogwa, na jina lenyewe linatokana na kuoga. Watu wanafurika Makunduchi kutoka mjini na mashamba, na baadaye wengi huteremka pwani. Sherehe inafuata jua, bamvua inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka maji ya siku hiyo ni tofauti. Usiseme "mwaka jana tulikwenda saa hizi hizi na tulirudi salama." (Umoja wa Mataifa nao uliichagua tarehe 25 Julai, mwaka 2021, kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kuzama. Imekuja siku chache tu baada ya Mwaka Kogwa!)

Basi tusiende baharini kabisa? La, nani kasema? Ila uliza maswali kabla mguu haujatoka mchangani. Maji yanajaa au yanatoka? Tuko wangapi? Meli ya MV Spice Islander iliyozama njia ya Pemba, Septemba 2011, ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi, na boti ya watu watatu inazama kwa sababu ile ile. Nani pwani anajua tumekwenda wapi na tunarudi saa ngapi? Nanga iko wapi?

Naam, nanga. Mashine ikizima wakati maji yanatoka, vijana wengi huanza kuvuta kamba ya mashine mara hamsini huku boti inachukuliwa. Tupa nanga kwanza! Ndani ya mwamba kina ni kifupi, itashika. Ukishasimama ndipo uhangaike na mashine.

Jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Funga kamba zote, kisha mwenzio alivute juu mabegani. Likikupita masikio ni kubwa kwako. Usipolipata, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri litakubeba ukilikumbatia. Boti ikipinduka, ishikeni hiyo hiyo. Usiogelee kufuata taa za pwani, usiku taa huonekana karibu kuliko zilivyo.

Na ile michezo ya wageni ya kuvutwa na boti kwa mbao za miguuni au kwa tairi? Anayeendesha hawezi kutazama mbele na nyuma. Lazima awepo mtu wa pili anayemtazama anayevutwa, na mashine izimwe kabisa kabla mtu hajasogelea nyuma ya boti. Pangaboi la mashine halichagui.

Jambo jingine: anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Pumzi yote inakwenda kwenye kuvuta hewa. Utamwona amesimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka. Mara nyingi ana chini ya dakika moja. Usimrukie, atakushika mzame wote. Mrushie dumu, kamba, kasia, hata kanga iliyofungwa fundo.

Ukimtoa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimminye tumbo, unapoteza muda. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha huku wenzako wanatafuta gari. Akizinduka mlaze ubavu, na mpelekeni hospitali ya Makunduchi usiku ule ule, hata akikwambia, "Mie sijambo, nipelekeni nyumbani." Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumziba pumzi saa kadhaa baadaye, wakati nyote mmeshalala.