Sikio la Mtoto wa Gurei Kabla ya Neno la Kwanza

Mtoto anayezaliwa Gurei, pembezoni mwa Juba, anaweza kukulia kwenye Kibari cha bibi yake, Kiarabu cha Juba cha majirani, Kidinka cha nyumba ya pili, na Kiswahili cha familia zilizorejea kutoka ukimbizini Kenya na Uganda. Wazazi huhofia lugha hizo zitamvuruga. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo.

Mwaka 1971, Peter Eimas na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto wa mwezi 1 na wa miezi 4 chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine. Mtoto akishazoea kusikia "ba" hunyonya polepole. Ikiingia "pa", ananyonya kwa kasi upya. Tofauti ameisikia. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wakaonyesha kwamba watoto waliolelewa kwa Kiingereza huko Canada, wakiwa na miezi 6, walitofautisha sauti za Kihindi zilizowashinda watu wazima. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia sana.

Jaribu mwenyewe. Tamka "baba", kisha "mbu". Kwa Waswahili wengi, b ya "baba" huvuta hewa ndani kidogo huku zoloto likishuka; ya "mbu" haivuti. Hatuitambui tofauti hiyo kwa sababu kwetu haibadilishi maana. Katika Kibari hubadilisha, ndiyo maana b inayovutwa huandikwa na ritifaa mbele yake. Kidinka nacho hupambanua vokali fupi, ndefu na ndefu zaidi. Haya yote mtoto huanza kuyapanga kabla hajasema "mama".

Lakini huyapanga akisemeshwa na watu. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake waliwakutanisha watoto wa Marekani wa miezi 9 na wasemaji wa Kichina, vikao 12. Watoto hao walizishika sauti za Kichina. Wenzao waliotazama mambo yaleyale kwenye televisheni hawakushika chochote. Kwa hiyo bibi aachwe aseme Kibari chake na mjukuu mapajani. Simu haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Na sikio lenyewe litunzwe. Usaha unaotoka sikioni si jambo la kusubiri lipone lenyewe: hupunguza usikivu katika miezi ambayo mtoto anauhitaji zaidi. Anayetokwa usaha, au asiyegeuka akiitwa, apelekwe kituo cha afya mapema.