Mzigo Ukae Mbavuni: Kurekebisha Tandiko la Punda Milimani Pare

Kidonda cha mgongoni kwa punda hakizuki chenyewe. Hutengenezwa, tena mara nyingi na mtu asiye na nia mbaya hata kidogo. Amekunja gunia mara mbili, akalilaza juu ya uti wa mgongo, akaning'iniza madumu kwa kamba ya nailoni, akashika njia. Jioni akivua mzigo anaona manyoya yamelala na ngozi imevimba kidogo. Kesho yake anatandika palepale. Haupiti muda ngozi imeondoka, nzi wamejaa, na watu wa nyumbani wanasema punda huyu ana ngozi dhaifu. Ngozi yake ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye tandiko, na tandiko linarekebishika kwa vitu vilivyomo humuhumu wilayani Same: gunia, nyasi kavu, kamba ya katani, kanga kuukuu na sindano ya kushonea magunia.

Nazungumzia punda kwa sababu huku kwetu ndiye anayefanya kazi ya farasi. Farasi hakupata kustawi katika ukanda huu. Mwaka 1916, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts lilipowafuata Wajerumani kwenye reli ya Tanga hadi Moshi, chini kabisa ya milima hii ya Pare, farasi na baghala walikufa kwa maelfu katika vita ile kwa nagana inayoletwa na mbung'o na kwa tauni ya farasi. Mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Punda ana ustahimilivu zaidi, ndiyo maana mpaka leo yupo, anabeba maji na mahindi tambarare, na pale gari lisipofika anapanda na kushuka milimani. Lakini kanuni za tandiko ni zilezile kwa farasi na kwa punda, na Pare zina uzito wa pekee kwa sababu ya miteremko.

Kwanza tuujue mgongo wenyewe. Katikati umepita uti wa mgongo, na kila pingili ina mfupa uliochomoza juu, ambao kwa punda aliyekonda unauhesabu kwa kidole. Juu ya mifupa hiyo hakuna nyama, ni ngozi tu. Kushoto na kulia ya uti kuna misuli mirefu miwili, na chini ya misuli hiyo zimekaa mbavu. Hapo ndipo mahali pa mzigo: juu ya misuli na mbavu, pande zote mbili, kuanzia nyuma ya mfupa wa bega hadi ubavu wa mwisho. Mbele ya hapo bega linahitaji kucheza kila hatua. Nyuma ya hapo ni kiuno, ambacho hakina mbavu za kukishikilia. Punda ana kasoro moja ambayo farasi wengi hawana: pale mabega yanapokutana, mgongo wake hauinuki sana. Kwa hiyo hakuna kitu cha kulizuia tandiko lisiteleze mbele. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye miteremko.

Ngozi nayo huishi kwa damu inayopita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Ukiibana kwa uzito kwa saa kadhaa, damu haipiti. Wakulima wa Bangalala na Makanya wanaotumia maji ya ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia, wanalielewa hili upesi: mtu akiziba mfereji juu, migomba ya chini hunyauka ingawa ndiva imejaa. Ngozi na nyama iliyo juu ya mfupa huanza kufa kwa ndani kwanza, mahali mfupa unapokutana na mzigo, na kidonda unachokiona juu ni cha mwisho kujitokeza. Ndiyo maana uvimbe mdogo wa jioni usiupuuze. Ule ndio wakati pekee ambapo dawa ni mapumziko matupu.

Utajuaje kwamba tandiko lina kasoro kabla ngozi haijachubuka? Jasho litakuambia. Punda akirudi safari ya kutosha, vua tandiko na uangalie manyoya kabla hajagaragara. Tandiko zuri huacha maeneo mawili yaliyolowa sawasawa, moja kila upande, na katikati juu ya uti kubaki pakavu. Ukiona doa kavu ndani ya eneo lililolowa, hapo pamebanwa mpaka jasho limeshindwa kutoka. Manyoya yaliyovurugika au kukatika yanaonyesha tandiko linachezacheza. Manyoya meupe kwenye punda wa kijivu ni kumbukumbu ya kidonda cha zamani: mizizi ya rangi imekufa na haitarudi. Kisha pitisha ncha za vidole kwa mkandamizo wa wastani kutoka mabegani hadi kiunoni, kushoto na kulia. Punda mwenye maumivu atashusha mgongo, atatikisa ngozi, atageuza masikio nyuma. Akikupiga teke ukikaza mshipi wa tumbo, usiseme shukrani ya punda ni mateke. Ameshakuambia panapouma.

Sasa tushone. Tandiko linalofaa ni mito miwili, siyo mmoja. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii, na mtu akilishika hili peke yake atakuwa ameponya punda wengi. Chukua gunia la katani au kitambaa kizito cha pamba, ushone mito miwili, kila mmoja urefu wa kutoka nyuma ya bega hadi karibu na ubavu wa mwisho, ambao kwa punda wetu ni kama sentimita 50, na upana wa shubiri moja. Ijaze nyasi kavu au maganda makavu ya migomba, ushindilie mpaka ukibonyeza kwa ngumi usiguse upande wa pili. Unganisha mito hiyo juu kwa mikanda miwili mipana, na kati yake uache nafasi ya vidole vinne. Ukishalaza tandiko mgongoni na kupakia mzigo, ukiinama nyuma ya punda uone mwanga umepita juu ya uti wa mgongo toka nyuma hadi mbele. Usipouona mwanga, ongeza ujazo. Usiongeze blanketi chini, kwa kuwa blanketi hupita juu ya uti na kuziba ileile nafasi uliyoitengeneza.

Sifongo la godoro watu wanalipenda kwa kuwa ni laini mkononi, lakini chini ya kilo 40 linakuwa karatasi. Mfuko wa salfeti usiguse ngozi, kwa sababu haupitishi jasho, na punda atachubuka kwa joto na unyevu hata kama mzigo ni mdogo. Upande wa ndani wa mito ushonee kanga kuukuu au shuka la pamba, mafundo na mishono yote ikae upande wa nje. Kitambaa hicho kifuliwe. Jasho likikauka huacha chumvi na vumbi, na vumbi jekundu la barabara ya Same likichanganyika na chumvi linasugua ngozi siku nzima.

Mafundi wa matandiko ya farasi huko Ulaya hupima mgongo kwa kifaa kinachopinda, wakachora umbo lake kwenye karatasi kabla ya kukata ngozi. Sisi waya mnene wa umeme unatosha. Ulaze kukingama mgongo, nyuma kidogo ya mabega, uubonyeze ufuate umbo la mbavu, uuinue taratibu na uuchore kwenye boksi la kadibodi. Fanya hivyo masika na ufanye tena kiangazi kikikaza. Michoro itatofautiana. Punda aliyenenepa kwa majani ya mvua hupungua sana malisho yakikauka, na tandiko lililomkaa Mei linambana mifupa Septemba. Kwa hiyo acha mdomo wa mto umeshonwa kwa uzi unaofunguka kirahisi, ili uongeze nyasi au upunguze bila kuanza upya.

Mara nyingine kasoro haiko kwenye ujazo, iko kwenye umbo. Mto ulionyooka kama ubao juu ya mgongo uliobonyea katikati hugusa mbele na nyuma tu, na uzito wote hukaa kwenye ncha mbili. Hapa jaza zaidi katikati. Wenye matandiko ya mbao, yale ya vipande vya miti vilivyopishana pande mbili, wahakikishe mbao zote zinalala juu ya mito na pembe zake zimechongwa duara. Ubao ukigusa mfupa hata mara moja kwa safari, hakuna mto utakaosaidia.

Hapo ni tambarare. Milimani kuna kazi ya ziada. Anayeujua mwinuko wa milima hii, kutoka joto la Makanya hadi Chome chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, anajua kwamba njia haipandi polepole. Punda akipanda, tandiko hurudi nyuma kiunoni. Akishuka na mazao, tandiko humpandia mabegani. Watu wengi hujibu kwa kukaza mshipi wa tumbo mpaka punda anashindwa kuvuta pumzi, na mshipi wenyewe unamkata makwapani. Mshipi haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kazi ya kuzuia mwendo wa mbele ni ya mkanda wa matakoni, unaozunguka mapaja kwa nyuma, chini kidogo ya mkia na juu ya magoti ya nyuma. Kazi ya kuzuia mwendo wa nyuma ni ya mkanda wa kifuani, ulale chini ya koo ili usimkabe na juu ya kiungo cha bega ili asizuiwe kutembea. Mikanda hii iwe mipana, walau vidole vinne, ya gunia lililokunjwa au turubai, na iwe na nafasi ya kiganja punda akisimama tambarare. Kamba nyembamba iliyopitishwa chini ya mkia ni ukatili usio na faida: hukata ngozi ya mahali ambapo hapaponi, kwa kuwa mkia hautulii. Mshipi wa tumbo ukiwa na mikanda hiyo miwili unatosha kukazwa kiasi cha vidole viwili kupita, upana wa kiganja nyuma ya kwapa.

Uzito nao una hesabu yake. Zungusha futi ya fundi cherehani kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Punda mzima mwenye sentimita 110 ana karibu kilo 120, na mwenye 115 ana karibu kilo 130. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, nayo ni kama kilo 40, pamoja na tandiko. Madumu mawili ya lita 20 yamefika hapo hata kabla ya kuhesabu tandiko. Madumu manne yamepita mara mbili, na gunia la mahindi la kilo 100 halina hesabu ya kulitetea, lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo kabisa. Kwa njia za mlimani mimi nashauri robo ya uzito, siyo theluthi. Mwenye mzigo zaidi kwenye barabara iliyonyooka atafute mkokoteni, maana punda huvuta kuliko anavyobeba, mradi nao uwe na mikanda ya kuvutia inayofaa. Kushoto na kulia pawe sawa kwa mizani. Dumu moja likiwa limejaa na jingine nusu, tandiko zima huvutwa upande mmoja na mto wa pili hupanda juu ya uti.

Mkifika, msivue kwa pupa. Toeni mzigo, mlegeze mshipi, tandiko mliache mgongoni kwa dakika chache mpaka damu irudi taratibu. Wapanda farasi wa majeshi ya zamani walikuwa na desturi hiyo baada ya safari ndefu.

Kama kidonda kimeshatokea, tandiko jipya si tiba yake. Punda apumzishwe kabisa mpaka ngozi na manyoya vimerudi, na hilo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Wapo wanaotoboa mto mahali palipo kidonda ili kisiguswe. Wasifanye hivyo, kwa kuwa kingo za tundu hubana ngozi iliyozunguka kidonda na nyama ya katikati huvimba ndani ya tundu. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni, na umkinge na nzi. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu visikaribie. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha kutoka ndani, au punda akikakamaa miguu na taya, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo, maana pepopunda humwua upesi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumpakia punda juu ya kidonda ni mateso. Tena kupata punda mwingine si jambo dogo. Biashara ya ngozi ilipunguza punda katika Afrika mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024, Addis Ababa, kuzuia uchinjaji wake kwa ajili ya ngozi. Basi ndugu zangu wa Same, Mwanga na kokote mnakotegemea mgongo huu: kesho kabla ya kupakia, pitisheni vidole kwenye uti wa mgongo wa punda wenu. Mkikuta uvimbe, mzigo wa siku hiyo ubebwe kwa njia nyingine, na jioni mkae mshone mito miwili.