Gari katika majira ya baridi (2): Kulanti, betri na oili

Wiki iliyopita tulimalizana na matairi. Leo tufungue boneti. Mfano wetu unabaki kuwa Winnipeg, katikati ya Kanada, mji ambao Waafrika wengi waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko wamehamia na ambako usiku wa Januari baridi inaweza kupita nyuzi 30 za selsiasi chini ya sifuri.

Dereva aliyejifunzia gari Dodoma au Kisumu anaogopa jambo moja kubwa: gari kuchemsha. Ndiyo maana dumu la maji ya bomba halikosi kwenye buti, na gari likizidi kuchemsha, fundi wa mtaani anang'oa thamostati na safari inaendelea. Kwenye nchi ya joto mtu anaweza kuishi hivyo miaka na miaka, japo fundi makini atanung'unika. Akihamia Winnipeg na mazoea hayo, dumu la maji litamuulia injini.

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Ndani ya bloku ya injini hayana pa kutanukia, na chuma cha kusubu hakinyumbuki, hivyo kinapasuka. Mwenye gari hajui kitu usiku ule. Anagundua barafu inapoyeyuka, maji yanapovuja ubavuni mwa injini, au anapochomoa dipstiki na kukuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo mara nyingi fundi haongelei tena kutengeneza, anaongelea kutafuta injini nyingine.

Kinga ni kulanti, yaani glaikoli iliyochanganywa na maji. Wengi hudhani kwamba kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyokinga. Si kweli. Ethilini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, ambayo Winnipeg ni baridi ya kawaida tu. Ichanganye nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini. Kila kimoja kinamvuruga mwenzake asijipange kuwa barafu. Kiasi cha glaikoli kikifika asilimia 60 kinga huongezeka zaidi, lakini ukivuka 70 inaanza kurudi nyuma. Kwa hiyo soma galoni kabla ya kulipa: ipo iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, na ipo inayosubiri maji yako. Kwa kuongezea tumia maji yaliyokenekwa, kwa sababu ya bomba huacha magadi kwenye rejeta.

Kupima ni rahisi na kifaa chake ni cha bei ndogo. Ni kibomba cha plastiki chenye mpira wa kubinya juu na vigololi vya rangi ndani. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko, nyonya kulanti kidogo, kisha hesabu vigololi vilivyoelea. Vikielea vingi, mchanganyiko unatosha. Vikilala vyote chini, una maji matupu na siku zako zinahesabika. Ikimwagika sakafuni ifute mara moja: ina ladha tamu, mbwa huilamba, mtoto pia anaweza kuilamba, na ni sumu inayoua figo.

Thamostati nayo irudishwe mahali pake. Bila hiyo injini haifikii joto lake, hita inakupulizia upepo wa baridi, kioo kinajaa ukungu kwa ndani na petroli inakwenda bure.

Betri ina shida ya namna nyingine. Umeme wake unatokana na kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya kawaida inabaki na kama nusu ya nguvu yake, saa ileile ambayo stata inahitaji nguvu zaidi kwa sababu oili imekuwa nzito. Betri iliyokuwa ikijikongoja tangu Agosti huzimika asubuhi ya kwanza ya baridi kali, na mwenyewe akailaumu baridi. Ipime mwezi wa Oktoba. Ikiwa imejaa na gari limelala, mita itaonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa 12, chaji imekaribia kwisha, na betri tupu huganda kwa baridi ndogo tu kwani asidi yake imegeuka karibu maji. Ukiikuta imevimba au imeganda, usiishtue kwa waya kutoka gari la jirani, inaweza kulipuka.

Oili haina maneno mengi. Angalia namba iliyo kabla ya herufi W: 0 au 5 ndiyo ya huko, mradi kitabu cha gari kinaikubali. Ile 20W-50 iliyozoeleka Afrika Mashariki iachwe Afrika Mashariki.

Mgeni Winnipeg hushangaa kuona waya wa umeme unaning'inia mbele ya magari, na soketi zimepangwa kwenye maegesho. Ni wa hita ya bloku, inayopasha injini moto kabla ya kuwashwa. Saa 2 hadi 4 zinatosha. Kuiacha usiku kucha ni kulisha mita ya umeme.

La mwisho halihusu gari bali mtu aliyemo. Theluji ikianguka usiku, chimbua kwanza bomba la moshi ndipo uwashe. Likizibwa, kaboni monoksidi inaingia ndani ya gari, haina harufu wala rangi, na watoto walioketishwa ndani wapate joto wakati baba anaondoa theluji wamewahi kufa hivyo. Kuwasha gari ndani ya gereji ya nyumba ni hatari ileile, hata mlango ukiwa wazi.

Sehemu ya tatu itahusu chumvi inayomwagwa barabarani na kutu inayoleta chini ya gari, jambo linalomgusa pia anayenunua gari lililotumika Japani kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam.